Kichaka cha Waridi na Ndoo ya Maji

Mtu anayetaka kupanda waridi nyumbani kwake Newala au Masasi ajiandae kuulizwa swali moja kabla hajashika jembe: utaumwagilia maji gani? Swali hilo ni la haki na sitalikwepa, kwa sababu ndilo linaloamua kila kitu katika mazungumzo yetu ya leo. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba mwaridi wa kichaka, ule unaotoa matawi mengi tangu chini na kuchanua maua madogo madogo kwa mafungu, unaweza kukaa uani katika miji hii miwili bila kumwongezea mama wa nyumba hata ndoo moja ya kubeba. Nasema mwaridi wa kichaka, sisemi kila mwaridi. Lile ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu, tunaloliona kwenye kadi za harusi na katika shada la bibi arusi, ni habari nyingine kabisa, na anayelipanda akitarajia matunzo machache atavunjika moyo kabla mwaka haujaisha.

Tuanze na maji. Uwanda wa Makonde kwa sehemu kubwa umefunikwa na mchanga mzito. Mvua si haba, ni karibu milimita 1,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tatizo ni kwamba mchanga ule huyameza maji na kuyashusha chini sana, ndiyo maana juu ya uwanda hakuna mto, na chemchemi zinatokea huko chini kwenye miteremko. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906 kuchunguza maisha ya watu wa huku, alikuta watu wanaishi juu na maji yao yako bondeni. Walikuwa wamechagua usalama dhidi ya mashambulizi ya Wangoni, na gharama ya uchaguzi huo waliilipa wanawake kwa shingo zao, kushuka na mtungi mtupu na kupanda na mtungi uliojaa. Leo Newala inategemea maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka Mitema, katika bonde la Kitangari, na Masasi inachota kutoka chemchemi za Mbwinji pamoja na wenzao wa Nachingwea. Kila lita inayotoka bombani Newala imepandishwa mlima kwa nishati ambayo mtu ameilipia. Kwa hiyo nakubaliana kabisa na yule anayesema kwamba kumwaga maji ya bomba kwenye maua, wakati jirani amepanga foleni na ndoo yake, ni jambo lisilofaa. Mwaridi wowote unaodai maji ya namna hiyo haustahili kupandwa huku, hata uwe mzuri kiasi gani.

Lakini hebu tupige hesabu tuone mwaridi wa kichaka unadai nini hasa. Ukishashika mizizi vizuri, yaani ukiwa umevuka mwaka wa kwanza, na udongo kuzunguka shina lake ukiwa umewekewa matandazo vizuri, utavuka kiangazi kwa lita kumi hivi kwa wiki. Lita hizo zimiminwe zote kwa mara moja, polepole, zizame. Kunyunyizia kidogo kidogo kila jioni, kama wengi tunavyopenda, kunaifanya mizizi ikae juu juu kwenye mchanga unaopata moto, na siku ukikosa kumwagilia mche unanyauka. Basi vichaka vitatu vinahitaji lita 30 kwa wiki, ndoo moja na nusu. Kutoka katikati ya Mei hadi mwisho wa Novemba ni wiki 28, jumla lita 840. Paa la bati la mita sita kwa nane hukinga lita 48 kwa kila milimita moja ya mvua. Tukitoa zile zinazoruka na kumwagika, tuseme 40. Maana yake mvua moja kubwa ya milimita 21 inatosha kujaza mahitaji ya kiangazi kizima. Hata hivyo, maji ya bati yaliyoingia kwenye tangi yana wenyewe. Ni ya kunywa, kupikia na kuogea, na maua hayawezi kuwatangulia watu. Zamu ya mwaridi inakuja baadaye, kwa maji ambayo tayari yameshafanya kazi: yaliyooshea mchele na mboga, yaliyosuuzia vyombo, yaliyosuuzia nguo mara ya mwisho. Nyumba ya watu watano humwaga ndoo kadhaa za maji ya namna hiyo kwa wiki, tena mara nyingi huyamwaga mlangoni pakawa na tope. Maji ya kwanza ya kufulia, yenye povu zito la sabuni ya unga, yaachwe, na yenye dawa ya kung'arisha nguo yasiguse mmea kabisa, kwa sababu chumvi zake huchoma mizizi na kuharibu udongo. Kiasi kidogo cha sabuni kinachobaki kwenye maji ya kusuuzia hakitadumu: mchanga uleule unaotunyima mito huoshwa vizuri na mvua za Januari na Februari.

Sasa, mwaridi gani? Kosa kubwa linafanyika hapa, kwani watu huchagua kwa sura ya ua na kusahau tabia ya mmea. Waridi kwa asili yake linapenda ubaridi. Aina pekee iliyozaliwa katika Afrika ya kitropiki, ile ya Uhabeshi, inaota kwenye milima mirefu. Waridi la Jabal Akhdar kule Oman, ambalo marashi yake yamenukia katika nyumba za pwani yetu kwa miaka mingi, linalimwa kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000, penye baridi kali ya usiku, na linachanua msimu mmoja tu wa mwaka. Nalo lile waridi la kikonyo kirefu ni uzao wa wakulima wa Ulaya. Ua linalohesabiwa kuwa la kwanza la ukoo huo lilitoka Ufaransa mwaka 1867. Tangu hapo wazalishaji walitafuta ua kubwa zaidi na rangi kali zaidi, na mmea wenyewe ukadhoofika, ukawa hauishi bila dawa, mbolea na mkasi. Wenye mabanda makubwa ya Naivasha na Arusha wanaweza kuulea kwa sababu ndiyo biashara yao. Mwalimu mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 pale Masasi hana sababu ya kujitwisha mzigo huo.

Ukoo unaotufaa ni wa mawaridi ya zamani ya Uchina. Hayo yanavumilia joto, hayahitaji majira ya baridi ili yapumzike, na yanachanua mara nyingi kwa mwaka. Ushahidi mmoja uko katika bahari yetu wenyewe. Katika kisiwa cha Réunion, enzi hizo kikiitwa Bourbon, wakazi walikuwa na desturi ya kuzungushia mashamba yao ua wa miwaridi, mmoja wa Uchina na mwingine wa Dameski. Mwanzoni mwa karne ya 19 ukaonekana mche usiofanana na wazazi wowote wawili waliojulikana. Miwaridi ile miwili ilikuwa imezaana yenyewe katika ua ule wa miba. Mbegu zikapelekwa Paris, na ukoo mzima ukazaliwa. Mmea uliofaa kuwa ua wa shamba katika kisiwa cha kitropiki si mmea wa kubembelezwa. Ushahidi wa pili unatoka Texas, jimbo lenye kiangazi kikali, ambako Chuo Kikuu cha Texas A&M kiliamua kuyajaribu mawaridi kwa kuyanyima: bila dawa, bila mbolea ya dukani, maji kidogo, matandazo tu. Miongoni mwa yaliyofaulu limo la kale la Uchina liitwalo Mutabilis, ambalo ua lake hufunguka likiwa la manjano ya kupauka, likageuka la waridi, kisha likaiva kuwa jekundu, rangi zote tatu zikiwa kwenye kichaka kimoja. Na Mmarekani William Radler, aliyezalisha mwaridi wa kichaka uliotoka mwaka 2000 na kuenea kuliko yote nchini mwao, alikuwa akikusanya majani yenye ugonjwa, anayakausha, anayasaga, kisha anaunyunyiza unga wake juu ya miche michanga. Uliougua aliutupa. Kipimo cha namna hiyo ndicho tunachokihitaji, na kwetu kinaweza kuwa rahisi zaidi: mwaridi uliokaa miaka mingi kwenye ua wa nyumba, kanisani au makaburini bila mtu kuushughulikia, na bado unachanua, umeshafaulu mtihani wa Newala. Hakuna katalogi itakayotushinda kwa hilo.

Magonjwa nayo yanahitaji tuyazungumze kwa kirefu, kwa kuwa hapa wenyeji wa mkoa wetu wa Mtwara wana ujuzi ambao mtunza bustani wa London hana. Neno ubwiri unga halihitaji kufafanuliwa Newala. Ugonjwa huo ulipoingia katika mikorosho yetu mwishoni mwa miaka ya 1970, ulikuta zao limeshaanza kuyumba, ukalizamisha: kutoka tani zipatazo 145,000 za msimu wa 1973/74, taifa likaporomoka hadi tani 16,000 na kitu msimu wa 1986/87. Mwaridi nao una ubwiri unga wake. Ni kuvu wa jamii hiyohiyo, ingawa wa mwaridi hauambukizi mkorosho wala wa mkorosho hauambukizi mwaridi. Lakini dalili utazitambua mara moja: vichipukizi vinajikunja, tumba linavaa vumbi jeupe kama la maua ya mkorosho yaliyoathirika, na ua linashindwa kufunguka. Tabia zake pia ni zilezile. Hautaki mvua, unataka mchana mkavu na alfajiri yenye umande na ubaridi, yaani Juni, Julai na Agosti kama zilivyo pale uwandani. Mvua zikifika, unampisha adui mwingine, madoa meusi: duara jeusi lenye kingo zilizochanikachanika, jani linageuka manjano, linadondoka, na mwaridi dhaifu unabaki fito tupu. Kuvu wa madoa meusi hauwezi kuingia kwenye jani mpaka jani lilowe kwa saa saba hivi mfululizo. Kwa hiyo mwaridi uliosongamana na ukuta, usiopata upepo, ukamwagiliwa juu ya majani jioni, umeandaliwa ugonjwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Najua mtu atasema: salfa tunayo, tutapuliza. Ni kweli kwamba salfa inazuia ubwiri unga wa mwaridi pia. Hata hivyo, ningemshauri asijijengee mazoea hayo uani. Kwenye shamba la korosho unapuliza usiku au alfajiri, mbali na nyumba. Uani kuna watoto, kuna nguo kwenye kamba, kuna mtungi wa maji, na vumbi la salfa linawasha macho na kifua. Zaidi ya hayo, joto likipita digrii 30 salfa huunguza majani yenyewe, na Masasi nyuzijoto hizo si habari ya kushangaza. Mwaridi unaohitaji kupulizwa kila wiki mbili si wa matunzo machache. Ung'oe, upande mwingine. Najua ushauri huu unawaumiza wanaopenda maua, lakini kichaka kimoja kigonjwa hubeba mbegu za ugonjwa kwa vichaka vyote vya jirani.

Mahali pa kupanda panategemea mji. Newala iko kwenye ukingo wa uwanda, na ukifika kwenye bonde la Shimo la Mungu unaelewa upepo wake unatoka wapi na unakwenda wapi. Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini-mashariki, na miji hii iko takriban digrii 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la Juni linapita upande wa kaskazini. Upande wa kaskazini wa nyumba, basi, unapata faida mbili kwa pamoja: unakingwa na upepo unaokausha, na unapata jua la asubuhi linaloondoa umande upesi. Masasi iko chini zaidi, katikati ya vilima vya mawe vinavyohifadhi joto la mchana, na huko adui ni jua la saa nane na saa tisa. Heri upande wa mashariki, ambako kivuli cha nyumba kinaufikia mwaridi baada ya adhuhuri. Mawe hayohayo ya Masasi yana faida: yakipangwa kuzunguka shina, mapana na bapa, yanazuia maji yasipotee na mchwa hawayali. Newala hakuna mawe mengi, lakini kuna majani makavu ya mkorosho kila upande. Yatandazwe mazito, yaachwe umbali wa shubiri moja kutoka kwenye shina, la sivyo mchwa watapata daraja.

Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, na hiyo ndiyo kazi nzito pekee katika suala zima. Mchanga mtupu hauwezi kuushikia mwaridi maji wala chakula. Uchanganywe na madebe mawili ya samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa au mboji ya jikoni. Jambo moja la kwetu lizingatiwe. Viwanja vingi vya miji hii vilikuwa mashamba ya korosho, na watafiti wameonyesha kwamba salfa iliyopulizwa miaka nenda miaka rudi imeuongezea uchachu udongo wa huku. Mwaridi unavumilia uchachu kidogo, haupendi mwingi. Dawa yake iko jikoni: makopo mawili matatu ya jivu la kuni yachanganywe shimoni, kisha kiganja kimoja kwa kila kichaka mwanzoni mwa kila msimu wa mvua.

Kuna kipimo kingine cha matunzo machache ambacho vitabu vya Ulaya havikijui, nacho ni kalenda ya korosho. Kuanzia Juni watu wako kwenye salfa. Kuanzia Septemba hadi Desemba wako kwenye kuokota, kutenganisha korosho na mabibo, kukausha na kupeleka mzigo chama cha msingi, na familia nyingi huhamia shamba kwa wiki kadhaa. Oktoba, mwezi wa joto kali na ukavu, ndio mwezi ambao hapana mtu nyumbani wa kumwagilia. Mwaridi wa dukani hauwezi kuvuka hapo. Mwaridi wa kichaka unaweza, kwa njia yake: unadondosha sehemu ya majani, unaacha kuchanua, unasimama. Asiyejua atadhani umekufa, aung'oe. Ni mapumziko, sawa na yale ambayo wenzake wa Ulaya huyapata wakati wa theluji, na kuulazimisha uchanue Oktoba kwa kuumiminia maji mengi ni kuunyima mapumziko hayo. Ukataji wa matawi nao ufuate kalenda hiyohiyo. Ungoje wingu la kwanza, mwishoni mwa Novemba au Desemba ikianza, ukate theluthi moja ya urefu, uondoe matawi makavu na yanayosuguana katikati, basi. Ni kazi ya dakika 20 kwa kichaka, mara moja kwa mwaka.

Wapo watakaosema ardhi ya mjini ni ndogo, heri mchicha na matembele. Ninawaheshimu sana wenye hoja hiyo, na mwenye nafasi ya tuta moja tu apande mboga, asinisikilize. Ila mboga inadai maji masafi zaidi, kila siku, na udongo ulio wazi na mpana. Kichaka cha waridi kinatosheka na mita moja ya mraba chini ya dirisha au kandokando ya lango, mahali ambapo kuku na mbuzi wasingeuacha mchicha hata siku mbili. Miba yake hapo ni mlinzi, mradi kisipandwe kwenye njia ya watoto. Wengine watasema waridi si letu, tupande asumini na mhina. Asumini ipandwe, mhina upandwe, na bogenvilia pia, ambayo kwa kustahimili ukame inaushinda mwaridi waziwazi. Lakini hoja ya ugeni haina nguvu katika wilaya zinazosomesha watoto kwa mkorosho, mti uliotoka Brazili ukaletwa na Wareno, na zinazokula muhogo, uliotoka bara lilelile. Kinachofanya mmea uwe wa mahali ni kama watu wanaweza kuuzalisha wenyewe na kupeana bila kununua upya kila mwaka.

Na hilo kwa mwaridi wa kichaka linawezekana, kwa sababu huota kwa pingili. Mwaridi wa dukani mara nyingi umebebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine. Mbuzi akiula au ukame ukiuua juu, kinachochipua ni kile cha chini, ua usiloliomba. Ulioota kwa pingili una mizizi yake wenyewe, ukikatwa hadi chini utarudi uleule. Wakati wa kukata matawi, chagua yaliyokomaa yenye unene wa penseli, yaliyokwisha kuchanua, ukate pingili zenye macho manne, macho mawili yazame ardhini na mawili yabaki juu na jani moja tu. Zichomekwe kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, kumi pamoja, kwa kuwa si zote zitakazoshika. Zikiwahi mvua za Desemba, zitakuwa na mizizi kabla ya Machi, na miche ihamishiwe kwenye mashimo yake mvua zikingali zinanyesha. Mwaka huo wa kwanza, na huo tu, ipewe maji mara mbili kwa wiki kiangazi chote, hata kama familia iko shamba. Amwombwe jirani, na yeye apewe pingili zake msimu ujao.